Gitaa la Babu na ile elfu hamsini

Haya wadau, mnisamehe. Najua nimepotea humu tangu UE zianze, na kuna walioniuliza mpaka kwenye foleni ya kafeteria kama nimedisko. Sijadisko (bado). Kulikuwa na jambo linanisumbua na sikuwa na uso wa kuliandika. Leo naliandika, mtanicheka mkimaliza.

Mnaonijua mnajua kwetu ni Tabora, Isevya. Babu mzaa mama alikuwa anapiga gitaa la pili kwenye bendi moja ya dansi miaka ya sabini, enzi ambazo Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na watu wa Dar walikuwa wanasikiliza kwenye redio muziki unaotoka kwetu. Ndiyo, kwetu, msibishe. Bendi yake ilipokufa alikuwa anadai mishahara, akaambiwa hela hakuna, akabeba gitaa. Ni gitaa la umeme lenye tumbo wazi, rangi imebabuka pale mkono wake ulipokuwa unapita. Vidole vyake sasa havikunji vizuri, kwa hiyo mwaka huu akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe unapiga huko chuoni kwenu, lichukue."

Nilikuwa nimesharudi Dar. Likizo fupi, nauli ndefu. Nikamwambia mdogo wangu alipeleke kwenye ofisi ya basi, mi nitalipokea stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Wakalifunga kwa blanketi na khanga mbili za bibi, wakalizungusha kamba ya katani. Kasha gumu hatuna, liliuzwa zamani.

Saa nne asubuhi simu ikaita, niko kwenye lekcha.

"Kaka, karani anauliza thamani ya mzigo."

"Kwani lazima?"

"Anasema ukiandika kubwa unaongeza elfu kumi na mbili."

Wadau, bumu lilikuwa limeisha siku tisa kabla. Nikamwambia aandike elfu hamsini. Nikakata simu, nikaendelea kunakili kilichoandikwa ubaoni. Sekunde ishirini hivi, basi.

Gitaa lilifika na kichwa kinaning'inia kwa nyuzi. Shingo imekatika pale inapokutana na kichwa. Nilisimama pale stendi nimelikumbatia kama mgonjwa, watu wananipita na magunia yao. Kampuni yenyewe siitaji. Karani alikuwa mpole tu, akageuza stakabadhi, akanionyesha maandishi madogo yanayosema hawahusiki na vitu vya kuvunjika. Nilipokomaa akasema labda meneja akubali kulipa "thamani iliyoandikwa". Ndo ile elfu hamsini.

Rumeti wangu anasoma Sheria, akanipa lekcha ya bure usiku ule. Anasema Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza ya kwake, kwa hiyo yale maandishi madogo siyo mwisho wa mambo, mtu unaweza ukabishana nayo. Nikafurahi. Halafu akaniuliza, "Sasa ukifika mbele ya hakimu utasema gitaa lilikuwa la shilingi ngapi, na mkono wako mwenyewe umeandika elfu hamsini?" Nikamzimia taa.

Akanionyesha pia kwamba hata ndege za kimataifa ndo zilivyo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ukipotea au ukiharibika mwisho wa fidia unahesabiwa kwa kilo, SDR 26 kwa kilo tangu mwisho wa 2024 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), isipokuwa kama ulitamka thamani mapema ukalipia zaidi. Yaani gitaa la kilo nne na viazi vya kilo nne ni ndugu, mpaka mwenyewe ufungue mdomo.

Kesho yake nikaenda kwa wakala wa bima mjini, siyo kudai, kuuliza tu ningefanyaje. Mama yule alinijibu kwa uvumilivu wote. Bima ya mali safarini ipo, lakini wanataka picha za pande zote, namba iliyogongwa kwenye chombo, na karatasi ya mtu anayejua vyombo akikithamini. Ukifunga vibaya hawalipi, na alipotajiwa zile khanga alifumba macho. Nyuzi zilegezwe, kichwa kiwekewe mto, kitu kisicheze ndani ya kasha, maana gitaa likianguka kichwa hujirusha na shingo ndiyo inayopokea. Kingine, kitu cha zamani mkubaliane thamani kabla, iandikwe kwenye mkataba. Mkisema tu "bei ya sokoni" watakuja kukutolea uchakavu wa miaka hamsini.

Nikiwa kwenye daladala narudi nikakumbuka Kwihara. Shule ilitupeleka kwenye lile tembe walilokaa Livingstone na Stanley 1872. Njia ile ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji ilibeba mizigo ya kila aina, mpagazi wa Kinyamwezi anatwishwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Akina Taria Topan wa Zanzibar waliomkopesha Tippu Tip bidhaa walijua msafara unaweza usirudi, kwa hiyo hatari ya njia ilikuwa inakaa ndani ya bei ya mkopo. Bima ndo hiyo hiyo, bila ofisi. Na Livingstone alipofariki 1873, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake. Walipofika Unyanyembe, Mzungu waliyemkuta, Cameron, akawashauri wamzike palepale, wakakataa. Mbele kidogo wenyeji hawakutaka maiti ipite, wakaifunga upya ifanane na mtumba wa nguo. Februari 1874 ikafika Bagamoyo. Mimi nimeshindwa kuleta gitaa, na lami ipo.

Fundi nimempata Sinza. Amechukua laki na ishirini (nimekopa, mnaonidai vumilieni). Ameligundisha, limekaa vizuri, linalia. Ila aliniita akanionyesha mstari mweusi ndani ya mbao, akasema hapa kuna gundi ya zamani.

Wiki tatu nilikuwa namdanganya Babu, mara umeme hakuna, mara amplifaya imeungua. Jumapili nikampigia, nikasema yote.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Limekatika wapi?"

"Kwenye kichwa, Babu."

"Hapo lilishakatika Nzega, mwaka sabini na nne. Tuligombana jukwaani. Nililigundisha mwenyewe." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nusu nicheke nusu nilie, na kichwani namwona yule mama wa bima: hata kama ningelipia, ufa wa zamani ambao sikuutaja ungetosha kuninyima.

Nikadhani yameisha. Akauliza, "Sasa hao wa basi wanakulipa ngapi?"

"Elfu hamsini, Babu. Ndo tuliyoandika."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Elfu hamsini," akasema, taratibu. Simu ikakatika. Nikidhani ni mtandao, nikapiga tena. Inaita tu. Bibi anasema yupo, anakaa nje, hana neno.

Ijumaa naenda Tabora, na gitaa nalo linaenda. Kukata tiketi nimeshakata, siti mbili, moja yangu na moja yake. Zilizobaki kwenye hela ya kula ni elfu nane, kwa hiyo mwenye unga wa ziada ajitokeze.