Sakafu ya Samaki

Wewe msomaji, ukifikiri kununua samaki wawili watatu na tangi dogo la kioo, litakukabili swali ambalo kila mwaka huwagombanisha walimu wanafunzi chuoni kwetu: je, chini ya tangi utiwe mchanga, au kioo kiachwe kitupu? Huenda ukaona ugomvi huo ni wa bure. Lakini samaki hawezi kuhama akatafute makao mengine. Sakafu utakayompa ndiyo atakayokaa nayo mpaka kufa kwake, na mchaguzi ni wewe, si yeye.

Wapendao kioo kitupu wana hoja nzuri, nami siwadharau. Kinyesi na mabaki ya chakula huonekana mara moja, yakavutwa nje kwa mpira mwembamba. Kwa samaki mgonjwa, au vifaranga wanaolishwa mara nyingi kwa siku, sijui sakafu iliyo bora kuliko hiyo. Mchanga huficha uchafu. Kokoto kubwa huficha zaidi, maana makombo hutumbukia kati ya mawe yakaoza mahali ambapo samaki hawezi kuyafikia.

Walakini maji yanayong'aa si lazima yawe maji salama. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Wako bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Wengi wa bakteria hao hushikamana na vitu: jiwe, jani, sifongo ya chujio, chembe za mchanga. Katika tangi dogo maji ni machache na sumu hukolea upesi. Mwenye chujio zuri aweza kuacha kioo kitupu bila hofu. Asiye na chujio, akauondoa mchanga wote, amewabomolea watumishi wake nyumba.

Mimi huuliza kwanza: samaki gani? Samaki wa dhahabu (ambaye, kwa kweli, hastahili tangi dogo hata kidogo) hupenda kufukua. Huchota mchanga kwa mdomo, akala kilichomo na kuutema. Changarawe iliyo sawa na mdomo wake yaweza kumkwama. Na katika madimbwi ya pwani ya Afrika Mashariki wako samaki wadogo, madume yao yana rangi za kushangaza, ambao wataalamu huwaita Nothobranchius. Mvua ikinyesha dimbwi hujaa. Kiangazi kikija hukauka, na samaki wote wakafa. Lakini mayai yao yamekwisha kuzikwa katika tope, nayo hungoja humo, makavu kwa macho yetu lakini hai, mpaka mvua nyingine iyaamshe. Mtu awafugaye juu ya kioo kitupu, bila hata bakuli la mchanga laini, amewanyima mahali pa kuzika mayai. Kwa samaki huyo sakafu si pambo. Ni uzazi wake.

Ukiamua kutia mchanga, usichukue wowote. Mchanga mweupe wa pwani mara nyingi huwa na matumbawe na makombe yaliyosagika, na chokaa yake huyafanya maji kuwa magumu; wako samaki wayapendao maji hayo, na wako wasioyaweza. Udondoshee siki: ukitoa povu, una chokaa. Mchanga wa mto uoshe mara nyingi mpaka maji ya ndoo yawe meupe, kisha utandaze sentimita 2 au 3 tu. Weka sahani juu yake, umimine maji polepole juu ya sahani ili mchanga usitibuke. Halafu ngoja. Bakteria hawahamii nyumba mpya kwa siku moja; huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo samaki wachache ni afadhali kuliko wengi.