Makonyo Hayasemi Kiingereza

Ukitaka kujua wanafunzi wa sekondari hapa Pemba wanasoma nini, usiwaulize. Chukua madaftari yao uyafunue. Utakuta kila kitu kimo: Bayolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia, Historia, Uraia, Hisabati, Kiarabu, Dini, Kiingereza na Kiswahili. Mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula na wino mwekundu. Hata mkaguzi akija ataridhika. Lakini mwambie mwenye daftari akueleze kilichomo, utaona anatazama dari.

Miye nimemaliza kidato cha nne katika skuli moja ya wilaya ya Wete, na jina lake nalihifadhi. Sikuwa wa mwanzo wala sikuwa wa mkia. Sasa nakaa nyumbani, nasaidia shamba, na usiku naandika riwaya ambayo mama ameshachoka kuuliza itakwisha lini. Nyumba hiyohiyo yumo mdogo wangu wa kike, kidato cha tatu, anayetaka kusomea ufamasia. Kila baada ya isha hukaa barazani akakariri. Namsikia kutoka chumbani, sentensi za Kiingereza zinamtoka mfululizo kama mtu anayesoma uradi, hakuna nukta wala mkato. Akisahau neno moja hurudi mwanzo wa ukurasa, kwani hajui neno lile lilikuwa linafanya kazi gani pale.

Msimu uliopita wa karafuu alinijia na daftari la Kemia. "Kaka, hii distilesheni ndo nini?"

Nikamwambia, "Makonyo yanakwenda wapi?"

Kwa asiyejua mambo yetu: karafuu huchumwa shada zima, kisha watu hukaa usiku wakachambua, karafuu upande huu, vikonyo vyake upande huu. Karafuu huanikwa majamvini mpaka zikawa nyeusi na kavu. Makonyo nayo huanikwa mbali, hayatupwi, kwa sababu huko Wawi, karibu na Chake Chake, kipo kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kinachoyakamua mafuta. Mtoto wa Pemba anajua hili kabla hajajua kuandika jina lake.

Basi akaanza mwenyewe. Makonyo hutiwa kwenye pipa kubwa, hupitishwa mvuke, mvuke hutoka na mafuta, hupita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, hugeuka maji tena, yakatona. Nikamuuliza: yakishatona, mafuta yatakaa wapi na maji wapi? Akataka kusema juu, kama mafuta ya nazi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Lakini haya si mazito? Yatakaa chini." Naam, yanakaa chini, kwani mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Hakuna aliyemkaririsha hilo. Alilipata kwa akili yake, palepale barazani, na uso ukamwangaza.

Wiki ya pili wakapewa jaribio. Swali lilikuwa hilohilo, alama tano. Akaanza kwa Kiingereza mistari miwili, Kiingereza kikamwishia, akamalizia kwa Kiswahili kila alichokijua, mpaka hilo la mafuta kukaa chini. Karatasi ilirudi na sifuri na maneno pembeni: atumie Kiingereza. Jirani yake, aliyeandika kama lilivyo daftari, alipata tano, na huyo hadi leo anadhani kinachozungumzwa ni namna ya kuchemsha maji ya kunywa.

Maalim simlaumu, wallahi. Yeye mwenyewe husoma maelezo kwa Kiingereza, kisha hufunga mlango akatueleza kwa Kiswahili upya, na ile ndiyo dakika kumi tuliyokuwa tukifahamu. Lakini mtihani wa taifa wa kidato cha nne, wa Kemia na wenziwe, unakuja kwa Kiingereza na unataka jibu la Kiingereza. Angempa mtoto alama tano za huruma, angemsaidia nini mwakani?

Jiografia ni vivyo hivyo. Katika daftari lake mna kitu kinaitwa springi taidi. Mwaka mzima akidhani ni maji ya bahari yanayokutana na chemchemi, kwa sababu kamusi ndogo ya mfukoni ilimwambia "springi" ni chemchemi. Siku moja nikamtajia neno bamvua. "Bamvua? Si anasema mjomba kila siku?" Mjomba wetu ni mvuvi, na kalenda yake ni mwezi. Ukiandama na ukitimia kumi na tano, maji hujaa mpaka mizizi ya mikoko ikazama yote, na hukupwa mpaka wanawake wakafika mbali kutafuta pweza na chaza. Katikati yake ni maji mafu. Anajua pia kwamba kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana. Kitabu kinasema sababu ni mvuto wa mwezi na jua vinapokuwa mstari mmoja. Hapo kitabu kinamshinda mjomba, na mjomba naye anakishinda kitabu kwa mengine, ila hawajapata kukutanishwa.

Watu wakubwa hawakulala wote juu ya jambo hili. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza sekondari za Tanzania zianze kufundisha kwa Kiswahili kutoka 1985. Serikali haikuufuata ushauri huo. Na tusidanganyane kwamba maneno hakuna. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Huku kwetu Zanzibar, sera ya elimu ya 2006 ilikwenda njia nyengine kabisa, ikaagiza Hisabati na Sayansi ziwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano la msingi. Yaani kimya kile nilichokikuta miye kidato cha kwanza, wadogo zetu wakateremshiwa mapema.

Nikisema hivi barazani hupigwa. Mjomba, huyuhuyu wa bamvua, ndiye wa kwanza: "Mjomba, wewe unataka watoto wa maskini wabaki na Kiswahili, na watoto wa wakubwa wasome Kiingereza kwa kulipia?" Hoja yake nzito, sikatai. Mgeni akija Kidike kutazama popo, anayemtembeza akala ni anayejua Kiingereza. Ila miye sisemi Kiingereza kiondoke. Nasema kifundishwe kama lugha, kwa vitabu na kwa hadithi na kwa mazungumzo, si kumnywesha mtoto ndani ya Kemia, akakosa Kemia na Kiingereza pia.

Na nimetaja popo, nisiwapite. Tulipofika wanyama wanaonyonyesha katika Bayolojia, mifano ya daftarini ilikuwa ya wanyama ambao wengi wetu hatujawaona hata kwa picha ya rangi. Popo wetu, Pteropus voeltzkowi, hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Kufikia 1989 alikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa na kukatwa misitu. Wanavijiji wakamlinda, na sasa ni maelfu kwa maelfu. Hakupata mstari mmoja katika daftari langu. Historia nayo ilinipa mapinduzi ya viwanda vya Uingereza kurasa kumi na moja, nilizihesabu. Kimbunga cha 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja kikaiacha ya Pemba, ndipo kisiwa hiki kikawa ndicho cha karafuu, nimekisikia kwa babu.

Kipindi kimoja tu darasa lilikuwa likiamka: Kiswahili. Siku tuliyosoma Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, wale wasichana wa nyuma, waliokuwa hawafungui mdomo tangu Januari, walimshambulia baba wa Rehema mpaka kengele ikapigwa na hakuna aliyetoka. Walitoa hoja, wakatoa ushahidi, mmoja akamwambia maalim kakosea, na maalim akakubali. Kipindi kilichofuata kilikuwa Fizikia. Wakafungua madaftari, wakanyamaza, wakaanza kunakili.

Sasa miye na mdogo wangu tunalo daftari letu. Ukurasa wa kushoto anaandika neno la mtihani, wa kulia neno letu, na chini yake maelezo kwa lugha zote mbili, Kiingereza chepesi anachoweza kukiandika mwenyewe bila kukariri. Distilesheni imo, na makonyo yake. Tumepita maneno mia. Riwaya yangu imesimama kwa ajili hiyo, na sijali sana.

Juzi tulikuwa kwenye pepo, kusi na kaskazi. Mjomba akapita na kapu lake, akauliza tunaandika nini, mdogo wangu akamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kapu chini. "Hapo pa matlai mmekosea," akasema, akavuta kibao akakaa. "Futa. Andika ninavyokwambia."