Jumamosi ni ya Baba

Hapa Seoul, Jumatatu hadi Ijumaa mume wangu anarudi mtoto keshalala. Ikafika mahali binti yetu wa miaka miwili anamkimbia baba'ke kama mgeni. Jamani, iliniuma!

Nikasema Jumamosi ni ya baba na mwana. Tunapanda treni ya chini ya ardhi hadi Children's Grand Park. Kiingilio bure tangu 2006. (Ndiko alikotoroka pundamilia Sero Machi 2023, akazurura barabarani!) Mtoto akichoka, baba anambeba mgongoni kwa kanga. Mabibi wa Kikorea hucheka, kisha humkazia fundo. Nao wana mbeleko yao, podaegi.

Juzi alisinzia huko huko. Nilipotaka kumpokea, aling'ang'ania shati la baba'ke: "Mama, sitaki!"