Kukimbia Wakati wa Kipupwe



Juma hili naomba nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni namna ya kuamka na kukimbia katika miezi ya baridi. Wako watakaocheka na kusema, "Padre amekosa la kuandika. Hapa Manchira kuna baridi gani?" Ni kweli kwamba hatuna theluji, wala maji ya bwawa letu hayagandi. Hata hivyo, yeyote aliyetoka nje mwezi Julai kabla ya jua kuchomoza, akakanyaga umande kwa kandambili na kuona pumzi yake ikitoka kama moshi wa jikoni, anajua ninachosema.

Baridi yetu ina sababu zake. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa limeelekea upande wa kaskazini mwa dunia, na pepo kavu za kusini-mashariki hutuvumia kila siku. Mawingu ya masika yamekwisha kuondoka, hivyo joto ambalo ardhi imelikusanya mchana hupaa usiku bila kizuizi, kama nyumba isiyo na paa. Tena sisi tuko juu zaidi ya Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana mgeni atokaye Dar es Salaam mwezi Julai hufika Mugumu na fulana moja, na kesho yake asubuhi hutafuta sweta sokoni.

Liko na jambo la pili ambalo wengi wetu hatulitafakari. Saa za nchi yetu zimepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata katika pwani yetu, bali mbali baharini. Sisi wa Mara tuko magharibi mwa mstari huo, kwa hiyo jua hutuchelewea. Mwezi Novemba huchomoza yapata saa 12:20 asubuhi, lakini mwezi Julai tunalingoja hadi karibu na saa moja kasorobo. Mtu anayetaka kukimbia kabla ya shughuli za siku hunyang'anywa karibu nusu saa nzima, na hunyang'anywa katika miezi ileile ambayo blanketi ni tamu kuliko asali.

Mahali pengine mtu angeweza kusema, "Basi nitakimbia gizani." Kwetu sisi tunaopakana na Hifadhi ya Serengeti, huo si ushauri wa mtu mwenye akili timamu. Tembo huingia mashambani usiku na kurudi porini alfajiri, na fisi naye ana njia zake. Mkimbiaji wa Manchira hana budi kungoja mpaka aweze kutofautisha kichaka na mnyama. Nafasi iliyobaki kati ya mwanga wa kwanza na kengele ya Misa ni finyu sana, na kila udhuru, hata uwe mwembamba namna gani, hupata pa kupenya.

Udhuru huo naufahamu vizuri. Nilianza kukimbia baada ya daktari kunipima presha mara tatu kwa siku tatu na kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Marehemu baba yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 58, nami nilikuwa nimetimiza 52. Nilinunua raba na kuanza mwezi Oktoba, nikaendelea vema hadi mvua za masika, hata matope hayakunishinda. Ilipofika Juni nikaacha. Mwaka uliofuata mambo yakawa yaleyale. Mwaka wa tatu nilijiambia kwamba mwili wenyewe unahitaji mapumziko, nami nikautii kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuonyesha katika jambo lingine lolote!

Ndipo ukaja mwaka 2025. Mwezi Machi mwaka huo tulimzika mke wa mwalimu mmoja mstaafu, mzee aliyefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Nitamwita Mwalimu, kama sote tunavyomwita. Baada ya matanga kwisha na ndugu kutawanyika, Mwalimu hakuonekana tena. Majirani walisema alikuwa analala hadi saa 4, na chakula alichopelekewa kilirudi kama kilivyokwenda. Nilimtembelea mara mbili nikazungumza maneno mengi ambayo sasa siyakumbuki, na nadhani yeye hakuyasikia. Mara ya tatu, kwa kukosa la kusema, nikamwambia, "Mwalimu, kesho asubuhi nitapita barabarani pale penye mgunga. Twende wote."

Alikuja. Hatukukimbia kwa maana halisi ya neno. Tulitembea, tukakimbia kidogo, tukatembea tena. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza mchakamchaka shuleni miaka yote ile, na nyote mliosoma nchini mwetu mnakumbuka mchakamchaka: watoto mia kadhaa gizagiza, vumbi, nyimbo, na mwalimu nyuma mwenye fimbo kwa ajili ya wanaojikokota. Sasa mwenye kujikokota alikuwa yeye, wala mimi sikuwa na fimbo. Aprili ikapita na Mei ikapita, na alianza kula.

Ikaingia Juni. Asubuhi moja niliamka nikasikia upepo ukipiga bati. Nilitoa mkono nje ya blanketi, nikaurudisha. Nikajisemea kwamba Mwalimu ni mtu mzima, hawezi kutoka katika baridi kama ile, na pengine itakuwa ni huruma kumwacha apumzike. Simu ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka kitandani. Sikuipiga. Nikalala.

Baada ya Misa mtoto mmoja wa shule akaniambia, bila kukusudia kunishtaki, kwamba alimkuta Mwalimu amesimama penye mgunga, amejifunika shuka, na kwamba alikuwa bado amesimama pale kengele ya shule ilipogonga. Siku iliyofuata nilitoka. Mwalimu hakuwepo. Siku ya pili hakuwepo, na ya tatu vilevile. Siku ya nne nikaenda nyumbani kwake, nikamkuta kitandani saa 4, kama zamani.

Nilimwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Padre, mimi sikuwa natoka kwa ajili ya mbio. Nilikuwa natoka kwa sababu kuna mtu ananingoja. Asubuhi ile niliona kwamba hakuna."

Ndugu msomaji, tangu utoto wetu tumefundishwa kwamba ahadi ni deni. Mimi nilidhani deni langu ni kwa daktari na kwa mwili wangu. Kumbe nilikuwa nadaiwa na mtu aliyesimama barabarani katika baridi, na nilichomnyima hakikuwa mazoezi. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya daktari.

Mwalimu aliniambia, "Nitakuja kesho. Usipokuwepo, sitakuja tena." Alikuja, nami nilikuwepo, dakika 10 kabla yake. Tangu siku ile hadi kipupwe kilipokwisha hatukukosa isipokuwa siku nilizosafiri, na siku hizo nilimjulisha tangu jana yake.

Katika miezi ile nilijifunza mambo machache ambayo napenda kuwashirikisha, maana najua wako kati yenu wenye presha na sukari, na wako waliokwisha kuanza na kuacha kama mimi.

Kwanza, usiitegemee hamu. Hamu ni mgeni wa miezi ya joto. Julai haipigi hodi. Tegemea mtu. Chagua mmoja, mpangie mahali na saa, na umfanye aathirike usipokwenda. Mtu mmoja hujidanganya kwa urahisi, bali wawili huoneana haya.

Pili, vita ya asubuhi hupiganwa jioni. Mimi huweka raba zangu mlangoni, soksi ndani yake, na sweta juu ya kiti, ili asubuhi pasiwe na jambo la kuamua. Mtu aliyeamka katika baridi si mshauri mwema, usimwulize maswali.

Tatu, uheshimu mwili. Katika baridi damu hukimbilia ndani kulinda viungo vikuu, na misuli ya miguu hukakamaa. Anayetoka kitandani na kufyatuka mbio huomba maumivu. Sisi huanza kwa kutembea dakika 10, tukizungusha mabega na kufungua magoti, ndipo tunakimbia. Tukirudi, jambo la kwanza ni kuvua fulana iliyolowa jasho na kuvaa kavu, kwa maana upepo ukiikuta fulana ile mgongoni, utakumbuka baridi siku nzima. Na mwenye dawa za daktari asiziache kwa sababu ameanza mazoezi. Mimi bado nameza zangu.

Nne, kubali kidogo. Siku ambazo Mwalimu alikuwa mzito, tulifika kwenye kona ya kwanza tukageuka. Nilijifunza kutoziita siku hizo kushindwa. Kilichokuwa kinalindwa ni ile desturi ya kutoka, wala si umbali.

Mkoa wetu una shahidi mkubwa katika jambo hili. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, kando ya Ziwa, mkoani humu humu Mara. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000, na katika michezo hiyohiyo Filbert Bayi alipata ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imewahi kuzipata. Nyambui hakuishia hapo. Mwaka 1987 alishinda marathoni ya Berlin, na 1988 akaishinda tena. Juma Ikangaa naye, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, anakumbukwa kwa kusema kwamba nia ya kushinda si kitu pasipo nia ya kujiandaa. Mtume Paulo, alipotaka kuwafundisha Wakorintho juu ya kujitawala, aliwaelekeza kwa wakimbiaji, kwa kuwa michezo mikubwa ilifanyika jirani na mji wao kila baada ya miaka miwili, nao walijua maandalizi yake.

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, nilimkuta Mwalimu penye mgunga amefika kabla yangu, na alikuwa hawezi kusimama mahali pamoja. Alikuwa amesikiliza redio. "Padre, Simbu ameshinda Tokyo!" Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikuwa amekuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawa na Mjerumani Amanal Petros, ila alimtangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Miaka minane kabla yake, mwaka 2017 mjini London, alikuwa wa tatu. Ulimwengu uliziona sehemu zile tatu za mia. Asubuhi za Julai za miaka minane, huko Arusha anakofanyia mazoezi, ni wachache walioziona.

Siku ile Mwalimu aliimba. Ulikuwa wimbo wa mchakamchaka, mmoja wa ule wa zamani, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. Watoto waliokuwa wakienda shuleni, wengine pekupeku katika umande, walisikia wakaitikia, kisha wakaungana nasi hadi kwenye lango la shule. Mimi nilibaki nyuma yao wote. Hapakuwa na mwenye fimbo, nami namshukuru Mungu.

Wapendwa, miezi ya baridi imo katika kila maisha, na si yote huletwa na upepo wa kusini-mashariki. Pengine nyumba ya jirani yako ni Julai tangu mwezi Machi. Usimpelekee hotuba, kama nilivyofanya mimi mara mbili bila faida. Mtajie mahali na saa, kisha uwepo.

Naandika haya usiku. Upepo umeanza kupiga bati, na raba ziko mlangoni. Nawatakieni juma jema lenye baraka.