Kikapu cha Katani na Matunzo Yake

Huko Kishushe, nchi kavu iliyo chini ya milima ya Taita upande wa mbuga ya Tsavo, mvua ni chache na mavumbi mekundu ni mengi. Mahindi yakinyauka, au ndovu wakiingia shambani siku chache kabla ya mavuno, mwanamke hana budi kutazamia kazi ya mikono yake, na kazi hiyo mara nyingi ni kikapu. Kwa hiyo kikapu huko si pambo la nyumba tu. Ni daftari la mtoto, ni sare yake, na pengine ni chumvi na mafuta ya taa ya juma zima.

Zamani nyuzi zilitoka katika gome la mbuyu. Mkonge ni mgeni: mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Baadaye mmea huo ukaenea katika Afrika ya Mashariki, na leo shamba kubwa la mkonge la Mwatate lajulikana mbali. Lakini mama asukaye nyumbani hahitaji shamba. Mikonge michache iliyopandwa kuwa ua yamtosha.

Majani yanayofaa ni yale ya chini yaliyokomaa, wala si yale machanga ya katikati. Jani huchanwa vipande vyembamba, na kila kipande hukwaruzwa juu ya ubao kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke. Maji yake huwasha sana. Afadhali kazi hii ifanywe mbali na watoto, na mtu asijiguse macho kabla ya kunawa. Kisha nyuzi zioshwe siku hiyo hiyo, maana utomvu ukizikaukia huziachia madoa, na huanikwa juani mpaka ziwe nyeupe.

Hapo ndipo wengi huharibu. Katani huonekana kavu kwa nje baada ya saa chache, na mwenye haraka huanza kuisokota pajani jioni ile ile, kumbe ndani ingali na maji. Uzi uliosokotwa hivyo huhifadhi unyevu kama mtu aliyeficha deni. Njia ya kujua ni rahisi: fumbata kitita, kisha kiweke shavuni, kikiwa na ubaridi, bado.

Mama mmoja wa Kishushe alikuwa akikaa na mke wa mwanawe, kijana mwenye mikono mizuri lakini asiye na subira. Huyu kijana alisuka kikapu kwa muda wa karibu mwezi mzima, naye alikwisha kuihesabu fedha yake kuwa karo ya mtoto. Kwa kuogopa vumbi alikifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akakiweka sakafuni nyuma ya mlango. Asubuhi ya kwenda sokoni Voi alipokifungua, kitako kilikuwa kimeota kuvu, na mchwa walikwisha kutoboa mfuko na kuanza kula.

"Mama, kimekwisha hiki. Nikitupe?"

"Usikitupe, mwanangu. Kilichooza ni kitako. Lete kisu."

Kikapu kikaanikwa siku mbili. Mama akakata sehemu iliyooza, akafumua mistari mitatu juu yake ili apate nyuzi nzima za kusimama, na kando ya kila moja akachomeka uzi mpya, akiulaza sambamba na ule wa zamani kwa upana wa vidole vinne. Upana huo usipunguzwe, kwani zikigusana ncha kwa ncha tu, kitako hung'oka siku ya kwanza ya kubeba viazi. Kisha akazungusha uzi wa kusuka juu ya zote mbili pamoja, akikaza. Kazi ilikwisha kwa jioni tatu. Kitako kipya kilikuwa cheupe kuliko mwili wake, na mnunuzi alipouliza, yule kijana alisema kweli, akapunguza bei. Mtoto alikwenda shule na karo pungufu, lakini alikwenda.

Mambo hayo yalitokea kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa faini ya hadi shilingi 4,000,000. Tangu hapo mtu aendaye sokoni hana budi kuchukua chombo chake, na aliye na kikapu chema hupenda kikae naye miaka mingi.

Basi kitundikwe ukutani kwa kigingi, mbali na sakafu na mbali na mahali pa kuvuja. Kisipotumika kijazwe nyasi kavu au magazeti, kisije kikapoteza umbo. Wazee waliweka vyombo darini juu ya jiko, kwa kuwa moshi hufukuza wadudu. Hiyo ni njia njema kwa kikapu cha mbegu, lakini kikapu cha kuuza kitanuka na kugeuka rangi. Kikichafuka kisuguliwe kwa brashi laini, maji baridi na sabuni kidogo, kikaushwe kivulini kikiwa kimefudikizwa. Jua kali hupausha rangi, hasa zile za dukani, nazo ni vizuri katani iliyotiwa rangi isuuzwe mpaka maji yatoke meupe kabla ya kusuka. Mkanda wa ngozi upakwe mafuta ya mbarika mara kwa mara, usipasuke.

Na ndani ya kila kikapu auzacho, yule mama huweka kitita kidogo cha nyuzi za rangi ile ile, ili mnunuzi akipatwa na panya au msumari asihangaike kuzitafuta.