Damu ya Sato Anayeogelea

Nilikulia Mwanza, na mwaka 1999 nyumbani hapakuwa na habari nyingine. Umoja wa Ulaya ulikuwa umezuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya watu waliokuwa wakivua kwa kumwaga viuatilifu majini. Tangu hapo sumu kwangu ilikuwa na sura moja: samaki amekufa, tumbo juu. Akiogelea, basi maji ni salama.

Nilibaki hivyo hata nilipokuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, mpaka nilipohamia kwenye utafiti wa samaki. Mashine ya kuhesabu chembe za damu niliyoizoea haikufaa huko. Chembe nyekundu za samaki zina kiini, tofauti na zetu, kwa hiyo mashine huzichanganya na chembe nyeupe. Nikarudi kwenye hadubini na kuhesabu kwa jicho, kazi niliyodhani nimeiacha chuoni. Sato tunamlewesha kwa mafuta ya karafuu, sindano inaingia karibu na mkia, na usizubae, maana damu yake huganda upesi.

Walionibadilisha ni sato wa tangi lililotiwa kiuatilifu cha klopirifosi kidogo, kiasi kisichoua. Walikula, waliogelea, sokoni ningewanunua. Lakini chembe nyekundu zilikuwa zimepungua na himoglobini imeshuka. Chini ya hadubini, baadhi ya chembe zilikuwa na kijikiini cha pili pembeni, dalili kwamba vinasaba vimeharibiwa. Samaki hatengenezi damu kwenye uboho wa mifupa kama sisi. Hutengeneza hasa kwenye figo, na figo hailindwi dhidi ya sumu iliyokwishaingia kupitia matamvua. Majibu kama yale yangekuwa ya mgonjwa wodini, ningempigia daktari simu palepale.

Siku hizi nikienda Morogoro kwa kaka yangu, anayelima nyanya upande wa juu wa bwawa la jirani, naangalia kwanza bomba la dawa linaoshewa wapi.

“Dada, mbona kambale wapo tele?” aliniuliza.

Kambale! Shahidi mbovu kuliko wote. Yule hupumua hata hewa ya juu, na huvumilia maji yanayowashinda wenzake.

Tumekubaliana maji ya kusuuzia bomba yanyunyiziwe hukohuko shambani, mbali na mfereji. Kuhusu kutopiga dawa mvua ikikaribia, bado tunabishana; anasema wadudu wa nyanya hawasikilizi utabiri wa hali ya hewa.