Miti Juu ya Mashamba ya Kale: Kaskazini mwa Zambia

Msafiri avukaye mpaka wa Tunduma, akaingia Nakonde na kushika njia ya Kasama, hupita kwa saa nyingi katikati ya miombo. Mgeni hudhani kuwa huo ni msitu mmoja usiowahi kuguswa. Sivyo. Sehemu si haba ya miti ile imeota juu ya mashamba yaliyoachwa, na mwenyeji huweza kukisia umri wa kila kipande kwa kukitazama tu.

Wabemba wa huko wana kilimo kiitwacho chitemene. Wakati wa kiangazi wanaume hukwea miti na kukata matawi, shina likabaki limesimama; wanawake hubeba matawi makavu na kuyarundika mahali pamoja. Mvua ikikaribia, rundo huchomwa na ulezi hupandwa katika majivu. Hufuata mihogo, karanga na maharage, kisha ardhi huachwa ipumzike, kwa desturi ya zamani miaka 20 au zaidi. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala nchi hiyo ilikiona kilimo hicho kuwa uharibifu mtupu, ikakipiga marufuku mwaka 1906. Njaa ikaingia, na mwaka 1909 amri ikalegezwa.

Shamba moja lililoachwa huwa na sehemu mbili. Pale palipokatwa matawi tu, miti iko hai nayo huchipua upesi, kwa kuwa mizizi ni ile ile ya zamani. Pale palipochomwa rundo, moto umeua visiki na mizizi. Hapo miti hurudi kwa mbegu, tena polepole.

Lakini kimo si uzito. Askari aliyewahi kuota moto porini anajua tofauti ya kuni zinazodumu hadi alfajiri na zile zinazoisha kabla ya zamu kwisha. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina kilo 600 hivi. Ya mpingo hukaribia 1,200, ndiyo maana gogo lake huzama majini. Mche wa mninga hufa juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini, ndipo shina linapopata nguvu ya kusimama. Hata likisimama, mti mchanga una kiini chembamba. Sehemu kubwa ni mbao nyeupe inayoliwa na wadudu. Seremala hana haja nayo. Mchoma mkaa anayevamia chipukizi za miaka michache hupata fito nyingi na mkaa wa vipande vidogo, na mama wa nyumbani hujiuliza kwa nini gunia limekwisha mapema.

Adui mwingine ni moto wa nyika. Katika Zambia hiyo hiyo, huko Ndola, majaribio yalianzishwa mwaka 1933. Vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza karibu miti yake mikubwa yote. Vilivyokingwa kabisa na moto vikawa kichaka kizito.

Watu wameongezeka, na muda wa kupumzisha ardhi umefupishwa. Serikali ilihimiza mahindi na mbolea, na kwa miaka kadhaa shoka lilipumzika kidogo. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa katika miaka ya 1990, baadhi ya familia zilirudi kwenye chitemene, zikakwea miti ambayo ilikuwa bado haijafikia unene wa paja.